Kabla ya Bangili: Baraza la Wasukuma na Miti Iliyorudi



Tukikaa kupanga vitu vya bi harusi, mazungumzo huishia kwenye dhahabu: bangili ngapi, kidani cha uzani gani. Safari hii mmoja wetu akauliza dhahabu yenyewe hutoka wapi. Kwa nchi yetu, nyingi hutoka Geita na kwa jirani zake wa Kahama. Tukaanza kusoma habari za huko, na kilichotushika ni miti.

Shinyanga ilikuwa nchi ya misitu na vichaka. Kuanzia miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulihimiza vifyekwe ili kumwangamiza mbung'o, anayeleta malale. Ikaja pamba, ng'ombe wakaongezeka, na katika miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, wakaziacha ngitili zao. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili majani na miti ipate kukua, kisha likafunguliwa kiangazi. Kufikia miaka ya 1980 mkoa ulikuwa ukiitwa jangwa la Tanzania. Mwanamke ndiye aliyelilipa jangwa hilo kwa miguu yake, akitafuta kuni kwa saa nyingi. Zikikosekana, alipikia samadi kavu.

Mwaka 1986 serikali ikaanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Mwanzoni ilitegemea sana vitalu na kugawa miche. Mambo yalibadilika pale maofisa walipowageukia wenyeji na ngitili yao. Wasukuma wana dagashida, baraza la jadi ambamo mambo ya jamii hujadiliwa na sheria ndogo kupitishwa. Humo ilijadiliwa mipaka ya ngitili na faini za wavunjaji, na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia 2004 zilipita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Kuni zikasogea karibu na nyumba.

Hata hivyo tusiipambe dagashida kupita kiasi. Kwa desturi lilikuwa baraza la wanaume. Aliyejua kuni ziko umbali gani hakuwa na kiti pale, na sisi tuliozoea shura inayomalizikia barazani kwa wanaume tunalijua hilo vizuri.

Geita kazi ni ngumu zaidi. Wachimbaji wadogo hukata magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke. Mawe husagwa, unga wake huoshwa, kisha hutiwa zebaki inayokamata chembe za dhahabu, na donge likachomwa motoni. Mvuke wa zebaki hudhuru ubongo, na mtoto aliye tumboni ndiye aliye hatarini zaidi. Wanawake wengi hufanya kazi kwenye uoshaji, wengine na watoto mgongoni. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, lakini karatasi hailindi kama sungusungu. Machimboni watu hutoka kila mkoa, na dhahabu ikiisha huhama. Nani atawakalisha baraza moja?

Wiki iliyopita tulimpeleka bi harusi wetu kwa sonara. Tukamuuliza bangili zile dhahabu yake ya wapi. "Dubai," akasema. Na kabla ya Dubai? Akacheka, akarudi kwenye mizani yake.