Majina Mawili Kwenye Jalada, Kijiji Kizima Nyuma Yake

Wadau, kama umekulia Mara, iwe Majita, Butiama au upande wa Bunda, hii unaijua. Harusi ipo, mama mmoja anaanzisha wimbo, wenzake wanaitikia, shangazi wa upande wa pili anachomekea maneno ya kumchokoza bwana harusi, watu wanacheka, na yale maneno yanabaki. Harusi ya mwaka unaofuata yanaimbwa kama vile yalikuwepo tangu enzi za mababu. Nani katunga? Hakuna. Yaani wote. Halafu siku moja kijana wa mjini anaingia nao studio, anauwekea biti, na kule YouTube panaandikwa mtunzi ni yeye.

Sisemi ni wizi. Nasema hili swali la "nani katunga" tunalichukulia kirahisi mno. Na kuna kijiji, si mbali sana na sisi, ambacho swali hilo kililipia kwa gharama kubwa.

Ukipanda basi la Musoma kwenda Nairobi, unavuka Sirari, unaipita Kisii, unaipita Narok, unapandisha ule mlima wa Mai Mahiu, na kabla ya kuingia jijini unapita jirani na Limuru. Hapo ndipo kilipo Kamiriithu. Kilianza kama kijiji cha lazima miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, Mwingereza alipokuwa anawakusanya watu sehemu moja ili awachunge vizuri. Uhuru ukaja, lakini wengi pale wakabaki vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu kilicho jirani, au hawana kazi kabisa.

Mwaka 1976 mama mmoja wa kijijini alimfuata Ngugi wa Thiong'o nyumbani kwake. Ngugi alishakuwa staa: riwaya za Kiingereza, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mama akamwambia kwa kifupi kwamba wamesikia amesoma sana, basi hiyo elimu ailete kijijini. Akaja tena. Na tena. Mpaka jamaa akakubali. Sikuwahi kuona jina la huyo mama likitajwa kokote, na bila yeye stori hii haipo.

Kituo cha kijiji kikaanza na darasa la watu wazima la kusoma na kuandika, chini ya Ngugi mwingine, Ngugi wa Mirii (si ndugu, majina tu yamegongana). Humo darasani watu walijadili maisha yao: mishahara, ardhi, madeni. Kutoka kwenye mijadala hiyo akina Ngugi wawili waliandika rasimu ya mchezo wa jukwaani wenye nyimbo na ngoma, kwa Kikuyu: *Ngaahika Ndeenda*, yaani Nitaolewa Nikipenda. Mwongozaji alikuwa Kimani Gecau. Kibarua Kiguunda ana kiplot chake cha ekari moja na nusu. Tajiri anamshawishi wafunge ndoa ya kanisani, anaweka hati ya shamba rehani apate pesa ya harusi, na shamba linakwenda. Ebu niambie hiyo haifanani na mtu unayemjua.

Sasa hapa ndipo patamu.

Juni 1977 mazoezi yalianza, na yalifanyika hadharani. Hakuna mlango wa kufunga. Anayepita anasimama, anatazama, anatoa dosari. Wazee wakaanza kuwasahihisha wasomi: mzee hazungumzi hivyo na kijana, methali hiyo haikai hapo. Wafanyakazi wa kiwandani wakaeleza kwa hesabu zao wenyewe jinsi jasho lao linavyogeuka faida ya mtu mwingine. Zikahitajika bunduki za mchezo, kumbe kijijini yupo mtu aliyekuwa akitengeneza bunduki za kweli za Mau Mau msituni. Akasimamia utengenezaji wa zile za bandia! Hebu fikiria, props za namna hiyo unazinunua wapi?

Na kuna sehemu ya harusi inaitwa Gitiiro, majibizano ya nyimbo kati ya pande mbili za ukoo. Maprofesa hawakuwa nayo kichwani. Aliyekuwa nayo ni mama mmoja mkulima asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye aliimba, Ngugi akakaa chini na kalamu akaandika. Daftari la chuo kikuu likawa linajazwa na mtu ambaye kwenye takwimu za serikali angehesabiwa kama hajasoma.

Sisi watu wa Mara tuna kipimo chetu cha kazi ya jukwaa: Mzee wa Butiama aliyemleta Shakespeare kwenye Kiswahili, *Mabepari wa Venisi* mwaka 1969. Heshima yake iko palepale. Lakini ile ilikuwa kazi ya mtu mmoja na kalamu yake. Kamiriithu kalamu ilipita mikono mingi mpaka haijulikani ya nani.

Hata ukumbi walijenga wenyewe. Walianza kwa kupanga njiti za kiberiti chini, wakatengeneza mfano mdogo, kisha wakainua jukwaa la wazi la kukaa watu zaidi ya 2,000. Hakuna mfadhili, hakuna bango la kampuni.

Tarehe 2 Oktoba 1977 wakafungua. Watu walikodi mabasi kutoka mbali. Wiki sita tu, tarehe 16 Novemba, serikali ikafuta kibali kwa madai ya usalama wa umma. Mwisho wa Desemba Ngugi akachukuliwa usiku nyumbani kwake, akawekwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. Humo ndani akaandika riwaya kwenye toilet paper, hiyo sehemu wengi mnaijua, na kusema kweli ndiyo imefunika mengine yote. Kila mtu anamzungumzia mwandishi wa jela. Wale wa jukwaani kimya.

Kumbe wenyewe hawakuwa wamemaliza. Mwishoni mwa 1981 wakakusanyika tena na mchezo mpya, *Maitu Njugira*, ambao huu ni muziki mtupu: zaidi ya nyimbo 80 kutoka jamii mbalimbali za Kenya, kuhusu sheria za kazi za kikoloni. Februari 1982 walitakiwa kufungua Ukumbi wa Taifa Nairobi. Walipofika, geti limefungwa na polisi wapo. Wakahamia chuo kikuu na kuendelea na "mazoezi", na maelfu ya watu wakaja kutazama mazoezi. Yakapigwa stop nayo.

Halafu Machi 1982 kibali cha kituo kikafutwa, polisi wakaenda Kamiriithu na kulibomoa lile jukwaa.

Hapo mimi huwa nasimama. Mwaka 1977 serikali ilidhani kazi ni ya mwandishi, ikamfunga mwandishi. Miaka minne baadaye wimbo bado unatoka. Ndipo ikaelewa kitu ambacho wachapishaji, wahakiki na sisi mashabiki bado hatujakielewa sawasawa: mtunzi alikuwa kijiji. Huwezi kukiweka Kamiti, kwa hiyo wakavunja mahali kinapokutania.

Gecau na Ngugi wa Mirii wakakimbilia Zimbabwe, wakaendelea na maigizo ya vijijini huko. Mirii alifia huko kwa ajali ya gari mwaka 2008. Ngugi wa Thiong'o aliishi uhamishoni na kufariki Marekani Mei 2025, na dunia nzima ikaandika. Wanakijiji hawakuwa na pa kukimbilia. Walibaki Limuru, na vibarua vyao.

Mei 2022 *Ngaahika Ndeenda* ilirudi jukwaani Nairobi, safari hii kwenye Ukumbi wa Taifa, uleule uliofungiwa geti mwaka 1982. Watu walinunua tiketi, wakapiga picha, wakaposti.

Kitabu pia kipo, hata kwa Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, kilitoka 1982. Ukikipata, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya harusi, pale pande mbili zinapojibizana. Isome kwa sauti. Yule mama ndiye huyo anayeimba.