Mdhamini Analipa Deni, Hashiki Ufunguo

Ukifika Kampala kutoka Bukavu au Uvira, neno la kwanza kukuchanganya kwenye mambo ya nyumba ni garanti. Kule Kongo garanti ni pesa unayomwachia bayeri kabla ya kuingia, na sheria ya 2015 ilisema kwa nyumba ya kuishi isipite kodi ya miezi mitatu. Huku mwenye mizigo (ndiyo, kwa Kiganda vyumba vya kupanga vinaitwa mizigo, usicheke) anaweza kukuambia ulete mtu. Unamtafuta mjomba, mzee wa kanisa, au jirani aliyetangulia kufika, anaweka sahihi, na wewe unapata chumba.

Basi hapo ndipo shida inaanza. Mdhamini anaomba ufunguo wa pili. Anampigia mwenye nyumba kuuliza nani alilala kwako Jumamosi. Anaingia haupo, anapekua faili la UNHCR, anasoma maelezo uliyotoa kwenye usaili. Kwa dada anayeishi peke yake hiyo ni hatari kabisa, na kunyamaza kwa sababu "alitusaidia" hakuipunguzi.

Ugomvi huu ni wa zamani kuliko tunavyodhani. London, mtaa wa Blackfriars, jamaa wawili walipanga nyumba moja kwa pamoja: Richard Gresham na George Berisford. Berisford akafa akiwa na deni la Peter Semayne, na vitu vyake vikabaki mle ndani. Semayne akapata amri ya kuvikamata. Maofisa walipokuja, Gresham akafunga mlango. Semayne akamshtaki yeye, ati amemzuilia haki yake. Mwaka 1604 mahakama ikampa ushindi Gresham. Edward Coke, aliyeandika taarifa ya kesi ile, akaeleza kwamba nyumba ya mtu ni ngome yake. Afisa hata akija kwa jambo la mfalme, aseme kwanza amekuja kwa nini na aombe kufunguliwa. Na kwa deni la mtu na mtu, asivunje mlango wa nje wa mdaiwa.

Angalia vizuri: Semayne alikuwa anadai kweli. Deni lilikuwepo, karatasi ilikuwepo, na bado mlango haukuwa wake. Sasa mdhamini, ambaye hata hadai bado, anaupata wapi?

Sheria ya Kiingereza ililetwa Uganda kwa amri ya 11 Agosti 1902, na wakoloni hawakuileta kwa ajili ya wapangaji weusi, tusidanganyane. Lakini wazo lilibaki likapata wenyewe. Katiba ya 1995, ibara ya 27, inakataza kupekua mtu, nyumba au mali yake kinyume cha sheria, na inakataza mtu kuingia kwako kinyume cha sheria. Imeandikwa "mtu". Haikuandikwa "raia", kwa hiyo kadi ya mkimbizi haikutoi. Sheria ya 2019 ya kulinda taarifa binafsi imeongezea: mwenye nyumba aliyepiga picha kitambulisho chako hana ruhusa ya kumsambazia kila anayeuliza. Na ile ya 2022 ya wenye nyumba na wapangaji inasema kumfukuza mpangaji kunahitaji amri ya mahakama. Kama mwenye nyumba mwenyewe anahitaji mahakama, mdhamini kukutolea godoro nje ni nini?

Kazi ya mdhamini iko kwenye Sheria ya Mikataba ya 2010. Anaahidi kulipa mpangaji akishindwa, na deni lake halizidi la mpangaji, labda mkataba useme vingine. Naye analindwa, hilo watu hawalisemi. Wewe na mwenye nyumba mkibadilisha mkataba, mfano mkapandisha kodi bila yeye kukubali, habebi yanayofuata.

Kwa hiyo mzee wetu ana haki ya kuuliza: kodi ni ngapi, imelipwa hadi mwezi gani, mkataba umebadilika? Mwonyeshe risiti bila hasira, maana pesa yake iko hatarini. Mpe nakala ya mkataba, na kwenye karatasi ya udhamini andikeni kiasi na tarehe ya mwisho. Ufunguo wa pili mwachie rafiki unayemchagua mwenyewe.