Kutoka taipureta hadi tarakilishi: somo la waliopunguzwa kazini

Nimekuwa kimya majuma kadhaa, mniwie radhi. Rafiki zangu wawili tuliosoma nao sayansi ya tarakilishi wamepoteza kazi mwaka huu, na kila mmoja ananiuliza swali lilelile: sasa nijifunze nini? Badala ya kubahatisha jibu, nimerudi nyuma kidogo katika historia yetu wenyewe. Jambo hili si geni Kenya.

Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa serikali ya Kenya wakidai mageuzi ya siasa na uchumi. Shilingi ikaporomoka, na mwaka 1993 mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Mwaka huohuo serikali ilianza mpango wa kupunguza watumishi wake, ikianza na wa madaraja ya chini. Mwanzoni ilikuwa hiari: unatia sahihi, unapewa kiinua mgongo, unakwenda zako. Kufikia mwaka 2000 hiari ilikwisha. Watu walipokea barua tu.

Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa amepiga taipu katika ofisi moja ya serikali hapa Nairobi kwa miaka 14. Mimi nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo haya ninayasimulia kama nilivyosimuliwa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuigusa taipureta: ukikosea herufi moja kwenye barua yenye nakala tatu za kaboni, mara nyingi unaanza upya. Ndiyo maana mwenye kasi na usahihi alithaminiwa, na ofisi zilikuwa na vyumba vizima vya wapiga taipu. Kisha zikaja tarakilishi zenye WordPerfect na Lotus 1-2-3. Kosa likawa jambo la kufuta na kuendelea. Bosi akaweza kuandika barua yake mwenyewe.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Kazi ya mama iliondoka kwa sababu mbili kwa pamoja: serikali haikuwa na pesa, na mashine mpya ilikuwa imefika. Watu wengi waliiona sababu ya kwanza tu. Wakangoja uchumi ufufuke waitwe tena. Uchumi ulifufuka kweli baada ya 2003, lakini vile vyumba vya wapiga taipu havikurudi.

Mama hakungoja. Alichukua sehemu ya kiinua mgongo akajiandikisha chuo kidogo cha orofani mjini, kujifunza zile tulizoziita "pakeji". Mwaka huo wa 2000 kulikuwa na ukame na umeme ulikuwa wa mgawo, kwa hiyo darasa lilifuata saa za stima. Alifika akiwa na woga, akakuta jambo la ajabu: vitufe vilikuwa palepale alipovizoea! Mpangilio wa QWERTY ulitokana na taipureta ya Christopher Latham Sholes, ambayo Remington walianza kuiuza mwaka 1874, na tarakilishi ziliurithi. Vidole vyake vilikuwa na kasi kuliko vya mwalimu. Kilichomtoa jasho ni kipanya, na kukumbuka faili amelihifadhi wapi.

Alipomaliza hakutafuta kazi ya kupiga taipu. Alikodi meza katika duka la fotokopi. Alijua barua rasmi inavyopangwa, na kumbukumbu za mkutano zinavyoandikwa, na watu walilipia hilo. Baadaye likaja jambo la intaneti, na tangu eCitizen ilipoanza mwaka 2014 wateja wake wengi wanataka kujaziwa fomu za serikali. Ofisi iliyomwachisha kazi sasa inamletea kazi kwa mlango wa nyuma.

Lakini nisiwadanganye. Mwenzake mmoja alisoma pakeji zilezile, akapata cheti kilekile, akazunguka na bahasha miaka miwili akitafuta kiti kama kile alichopoteza. Hakukipata. Mwingine kiinua mgongo kilimalizwa na karo ya watoto kabla hata hajafikiria kusoma. Huyo hakukosa bidii. Alikosa miezi michache ya kula bila mshahara, na bila miezi hiyo, kumwambia mtu "jifunze ujuzi mpya" ni maneno matupu.

Kwa hiyo kabla rafiki zangu hawajalipia kozi, nimewaambia wajiulize mambo matatu. Je, kazi iliyokwenda itarudi hali ikitengemaa, au ni mashine iliyoichukua? Kati ya unayoyajua tayari, lipi ni kama vile vitufe, yaani litahama nawe? Na una miezi mingapi mfukoni? Mimi pia nimejiuliza, maana siku hizi kuna programu zinazoandika msimbo kwa haraka kuliko mimi. Nadhani kitakachohama nami si lugha ya programu ninayoitumia. Ni kule kukaa na mteja hadi nielewe anachotaka, kama mama na zile fomu zake.

Na wewe je? Nyumbani kwenu nani alipokea barua miaka ile, na alijifunza nini? Niandikie hapo chini. Tuonane wiki ijayo.