Uvumi wa Diski na Historia Yake

Leo tutazungumza habari za diski ngumu, yaani kile chombo kilichomo ndani ya kompyuta ya mezani, kitunzacho barua, hesabu na picha zako. Huenda diski yako yavuma usiku hata waliolala waguna, nawe umeazimia kununua nyingine iliyo kimya. Vema. Lakini kabla hujatoa fedha, yafaa ujue kelele hiyo ilikotoka, maana muuzaji hatakueleza.

Diski ya kwanza kuuzwa ilitangazwa mwaka 1956. Ilikuwa ya kampuni ya IBM, nayo ilibuniwa mjini San Jose, California, na mafundi walioongozwa na Reynold Johnson. Ilikuwa sehemu ya mashine iliyoitwa RAMAC. Ndani yake zilikuwamo sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24, zimepangwa kama santuri juu ya mhimili mmoja, zikizunguka mara 1200 kwa dakika. Kabati zima lilikuwa na uzito upatao tani moja, walakini lilitunza herufi milioni 5 tu. Tena ilihitaji mashine ya kusukuma hewa, ili vichwa visomavyo visikwaruze sahani. Ilikuwa mali ya ofisi kubwa, wala hapana mtu aliyelala karibu nayo.

Mambo yaligeuka diski ilipopanda mezani. Mwaka 1980 kampuni ya Seagate ilitoa diski ya inchi 5.25, na mwaka 1983 Rodime ya Scotland ikaleta ya inchi 3.5, kipimo ambacho diski za kompyuta za mezani zinakifuata hata leo. Basi kelele ikawa karibu na sikio. Nayo ikazidi, kwa kuwa watengenezaji walishindania mwendo. Mwaka 1992 diski ya Seagate iitwayo Barracuda ilizunguka mara 7200 kwa dakika. Mwaka 1996 ikaja Cheetah ya mara 10000. Mbio hizo zilileta joto, joto likataka feni, na feni nayo ina kelele zake!

Sasa sikiliza vizuri diski yako, utatambua sauti mbili. Ya kwanza ni uvumi usiokatika. Huo watoka kwenye mota, ambayo zamani ilizunguka juu ya gololi za chuma, kama gurudumu la baiskeli. Gololi zikichakaa, uvumi hugeuka mluzi. Sauti ya pili ni ya kugonga-gonga: ni mkono wenye vichwa ukiruka huku na huku kutafuta maandishi.

Dawa ya uvumi ilikuwa mafuta. Mafundi waliziondoa gololi, wakaacha mhimili uzunguke juu ya utando mwembamba wa mafuta, chuma kisiguse chuma. Barracuda ATA IV ya mwaka 2001 ilitengenezwa hivyo, nayo ilisifiwa sana kwa ukimya wake. Baada ya miaka michache gololi zilitoweka katika diski za mezani. Kwa hiyo ukiuziwa diski kuukuu sana kwa bei nafuu, huenda umeuziwa gololi.

Huko Japani, Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba alikuwa amekwisha kubuni, katika miaka ya 1980, kumbukumbu ya flashi, isiyo na kitu chochote kizungukacho. Ndiyo iliyozaa diski tunazoziita SSD. Hizo hazivumi wala hazigongi. Kwa maoni yangu, programu za kompyuta ziwekwe humo, maana utapata ukimya na wepesi pamoja. Lakini kwa ukubwa ule ule bei yake ni ya juu kuliko ya diski ya sahani. Mwenye picha na filamu nyingi aweza kuongeza diski ya sahani yenye mwendo wa mara 5400, si 7200, akaifunga juu ya vipande vya mpira, kwa sababu kasha la bati huitikia mtikisiko kama ngoma.

Tena kuna jambo zito kuliko usingizi. Diski ya sahani inayokufa mara nyingi hulia kwanza, lakini SSD yaweza kufa bila kutoa mlio wowote. Kwa hiyo hata ukinunua SSD, weka nakala ya vitu vyako mahali pengine. Na ikiwa diski yako ya sasa ilikuwa ikivuma tu, kisha wiki hii imeanza kugonga kwa mfululizo, usiende dukani kwanza. Leo hii nakili zile faili usizoweza kuzipata tena, uanze na zilizo muhimu kupita zote, kisha uizime.