Kichujio Kilichopima Mshiko wa Protini kwenye DNA

Mwaka 2026 inatimia miaka 60 tangu Walter Gilbert na Benno Müller-Hill wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, watangaze kuitenga protini inayozima jeni ambazo bakteria Escherichia coli huzitumia kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, wakati sukari hiyo haipo. François Jacob na Jacques Monod wa Paris walikwisha kubashiri utaratibu huo mwaka 1961, na Mark Ptashne, naye wa Harvard, aliipata protini ya namna hiyo ya kirusi kiitwacho lambda mwaka 1967.

Kuitenga protini ni jambo moja, na kujua inaishika DNA kwa nguvu kiasi gani ni jambo jingine, ambalo kwa bahati mbaya husimuliwa kwa nadra. Kazi hiyo ilifanywa na Arthur Riggs, Suzanne Bourgeois na wenzao katika Taasisi ya Salk, California, kwa kutumia kichujio cha nitroselulosi, ambacho hunasa protini lakini huacha DNA yenye nyuzi mbili ipite. DNA ilitiwa fosforasi yenye mnururisho, ikachanganywa na protini, kisha mchanganyiko ukapitishwa kwenye kichujio, na mnururisho uliosalia juu yake ukaonyesha ni DNA kiasi gani iliyokuwa imeshikwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1970 yalionyesha kwamba nusu ya DNA hushikwa hata protini ikiwa sehemu 1 tu kwa trilioni 10 ya moli katika lita moja, na kwamba mshiko huo huchukua takriban dakika 20 kabla ya nusu yake kuachia. Kilichozua mjadala ni kasi ya kukutana, ambayo ilizidi mara nyingi ile iliyokadiriwa kwa molekuli kubwa zinazoelea ovyo majini hadi zigongane, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kuzikana kanuni za fizikia, ilibidi njia nyingine itafutwe. Mwaka 1981 Otto Berg, Robert Winter na Peter von Hippel walieleza kwamba protini hutua popote kwenye DNA, kisha huteleza juu yake, kama shanga kwenye uzi, mpaka ifike mahali pake, na kwamba kiasi cha chumvi majini hubadilisha urefu wa mtelezo huo. Mwaka 2007 kundi la Sunney Xie lilizitazama protini hizo, moja moja, ndani ya bakteria hai.

Mbinu nyingine za kupima mshiko zilifuata, zikiwemo ile ya jeli mwaka 1981 na ile ya vyumba vidogo vya Sebastian Maerkl na Stephen Quake mwaka 2007. Hata hivyo, orodha nyingi za leo za protini za aina hii huonyesha herufi za DNA ambazo protini huzipendelea, bila kutaja nguvu ya mshiko kwa moli katika lita, ilhali bila kipimo hicho, pamoja na idadi ya protini ndani ya seli, haikadiriki jeni itazimwa kwa kiasi gani.