Jukwaa la Kamiriithu: Kilichoiogopesha Serikali

Julai 1977, Mwai Kibaki, wakati huo Waziri wa Fedha wa Kenya, alifika City Hall jijini Nairobi kuizindua riwaya mpya ya Ngugi wa Thiong'o, Petals of Blood. Riwaya hiyo haikumwonea haya mtu. Iliwaanika matajiri wapya wa Kenya huru, wenye viwanda vya pombe, wahubiri na wabunge, ikawataja kwa matendo yao. Waziri akaizindua, watu wakaenda zao. Kabla miezi sita haijaisha, usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba, polisi walifika nyumbani kwa mwandishi huyohuyo kule Limuru wakamchukua.

Kati ya siku hizo mbili Ngugi hakuwa ameandika riwaya nyingine kali kuliko ile. Alichokuwa amefanya ni kushirikiana na wanakijiji wenzake kuandaa tamthilia moja ya Kigikuyu na kuichezea uwanjani, juani, mbele ya yeyote aliyetaka kuja. Wahakiki wetu wamezoea kuchambua matini, kwa hiyo wakifika hapa huuliza tamthilia ile ilisema nini. Mimi naona swali hilo halifiki mbali. Yaliyosemwa kwenye tamthilia yalikuwa yameshasemwa kwenye riwaya, tena kwa ukali zaidi, na waziri akiwa ukumbini. Jipya lilikuwa ni namna watu walivyokutana kuyasema.

Pwani ilikuwa imeyaona hayo nusu karne nyuma. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wa kitumwa karibu na mwaka 1880, alihamia mjini Unguja mnamo 1911 akatia makazi Ng'ambo, upande wa mji ambako mtu aliweza kuwa na nyumba yake juu ya ardhi ya mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja mwaka nenda mwaka rudi. Mwaka 1928 kampuni ya HMV ilimpeleka Bombay pamoja na wapiga ala wake kurekodi santuri, na safari hiyo ndiyo inayokumbukwa zaidi. Lakini mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1920 wapangaji wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi za viwanja, na nyimbo zilizokuwa zikitungwa na kujaribiwa usiku nyumbani kwa Siti zilikuwa zimejaa mambo ya mtaa: nani kadhulumiwa, nani kala fedha isiyo yake, hakimu kaamua vipi. "Kijiti", mmoja wa nyimbo zake zinazojulikana sana, unatokana na kisa cha kweli cha mwanamke aliyeuawa, na watu wa Ng'ambo hawakuona kuwa mahakama imemtendea haki.

Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti, na tumshukuru kwa hilo. Ila kwa usomaji wangu, humo Siti anang'ara kiasi kwamba mtaa unafifia. Majirani waliokuwa wakija usiku kumsikiliza, wakimletea habari za mchana na kuondoka na wimbo, hawaonekani sana. Bila wao nyimbo zile zisingekuwa na habari ya kusimulia.

Mfano wa pili ni kinyume cha huo. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu alipoandika waraka wa "Kenya: Twendapi?" mwaka 1968, kupinga mwendo wa serikali ya Kenyatta. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, na sehemu kubwa yake aliitumikia peke yake katika chumba, asiruhusiwe kuzungumza na wafungwa wengine. Mashairi aliyoyaandika humo kwa siri, kwenye karatasi za msalani, yalitoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Yaani serikali iliyomfunga mtu iliweza kustahimili kuona kitabu chake kikipewa zawadi yenye jina la rais wake. Shairi likiwa kitabuni, linasomwa na mtu mmoja mmoja, halikuikosesha usingizi.

Sasa twende Limuru, kiasi cha kilomita thelathini kutoka Nairobi.

Kamiriithu ni kijiji ambacho wakazi wake hawakukichagua. Katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wakoloni waliwaondoa Wagikuyu kwenye miji yao iliyotawanyika wakawasonga katika vijiji vilivyolindwa, ili wasiwapelekee chakula wapiganaji wa Mau Mau msituni. Ngugi alikuwa mwanafunzi wa shule ya Alliance. Alirudi likizo akakuta kwao pamebomolewa. Uhuru ukaja, kijiji kikabaki palepale. Watu wake wakawa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha Bata, wachuuzi, na wengi wasio na kazi. Palikuwa na ekari nne zilizotengwa kwa ajili ya kituo cha vijana, na juu yake kibanda cha udongo kilichokuwa kinasubiri tu siku ya kuanguka.

Asubuhi moja ya mwaka 1976 mwanamke wa kijijini alimwendea Ngugi nyumbani kwake. Hakuzunguka. Alimwambia kuwa wanasikia amesoma sana na anaandika vitabu, basi kwa nini asiwagawie wanakijiji kidogo cha elimu hiyo, na muda wake kidogo? Wiki iliyofuata akarudi, na iliyofuata tena. Napenda mwanzo huu kwa sababu unapindua hadithi iliyozoeleka ya msomi anayeshuka kwenda kuwaamsha wananchi. Hapa msomi ndiye aliyegongewa mlango.

Kituo kilianza na kisomo cha watu wazima, kuanzia Julai hadi Desemba 1976, kikiongozwa na Ngugi wa Mirii, aliyekuwa akifanya kazi Chuo Kikuu cha Nairobi. Alifuata njia ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazili: mtu anajifunza kusoma kwa maneno ya maisha yake mwenyewe, mshahara, shamba, karo. Darasa lilipokaribia kwisha, wanafunzi walitaka kuendelea, na wakataka maigizo. Wale Ngugi wawili wakaombwa kuandika rasimu. Aprili 1977 rasimu ikawa tayari, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, maana kijiji kiliipokea kama mzigo wa sokoni, kila mtu na haki ya kuupekua.

Wazee walisahihisha Kigikuyu cha maprofesa, wakaeleza kijana humjibu mzee vipi na methali gani haikai kinywani mwa mhusika gani. Wafanyakazi wa Bata walikaa wakapiga hesabu ya thamani ya viatu wanavyovitengeneza kwa siku, wakailinganisha na wanacholipwa mwisho wa mwezi. Bibi mmoja asiyejua kusoma alifundisha nyimbo za ndoa za kujibizana, mstari kwa mstari, mpaka zikaingia kwenye onyesho jinsi zinavyoimbwa. Palipohitajika bunduki za bandia za kuwaonyesha wapiganaji wa msituni, zilitengenezwa na watu waliokuwa wametengeneza za kweli enzi za vita.

Jukwaa nalo walilijenga wenyewe. Vijana, wakiongozwa na mfanyakazi mmoja, waliipanga ramani kwa njiti za kibiriti juu ya ardhi, wakaunda kielelezo kidogo, kisha wakainua jengo lililo wazi juu, lenye viti vya watu zaidi ya 2,000. Mazoezi yalifanyika jioni na Jumapili, chini ya mwongozo wa Kimani Gecau, naye pia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Hayakufichwa. Mtu akitoka kazini alipita, akakaa, akatazama, akatoa kasoro. Onyesho la kwanza lilipofika, wengi wa watazamaji walikuwa wameshayahifadhi maneno ya wahusika.

Tamthilia ilikuwa Ngaahika Ndeenda, ambayo baadaye ilitafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Nitaolewa Nikipenda. Kiguunda ni kibarua mwenye ekari moja na nusu, na hati ya shamba hilo ameitundika ukutani. Tajiri Kioi anaitaka ardhi hiyo kwa ajili ya kiwanda cha washirika wake wa kigeni. Hatumii nguvu, anatumia kanisa, harusi na mkopo wa benki, mpaka hati ile inatoka ukutani. Hakuna mtu wa Limuru aliyehitaji kuelezwa hadithi hiyo inamhusu nani.

Ilifunguliwa Jumapili tarehe 2 Oktoba 1977, robo karne baada ya Oktoba ile ya 1952 Hali ya Hatari ilipotangazwa. Watu walikodi mabasi na matatu kutoka mbali. Jumapili moja mvua ilinyesha kwa nguvu. Wote wakakimbilia vibarazani, ikapungua, viti vikajaa tena. Mara tatu onyesho lilisimama kwa mvua siku hiyo, na mara tatu watu walirudi. Tarehe 16 Novemba leseni ikafutwa. Wiki sita, kwisha.

Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini katika gereza la Kamiti bila kufikishwa mahakamani. Humo, kwenye karatasi za msalani kama Abdilatif kabla yake, aliandika riwaya yake ya kwanza ya Kigikuyu, Caitaani Mutharaba-ini, ambayo Kiswahili chake ni Shetani Msalabani. Kenyatta alifariki Agosti 1978, na mrithi wake, Moi, akawaachia wafungwa wa kisiasa Desemba 12 mwaka huo. Chuo Kikuu cha Nairobi, alikokuwa akifundisha, hakikumrudisha kazini. Riwaya ilipochapishwa mwaka 1980 ilianza maisha ambayo vitabu vya Kiingereza havikuwahi kuyapata. Ilisomwa kwa sauti majumbani, kwenye mabasi, na hasa vilabuni. Baa nyingine zilipata msomaji wao, ambaye akifika patamu alinyamaza ghafla, akatazama bilauri yake tupu, mpaka mtu aagize nyingine. Bila kukusudia, wanywaji wa Kiambu waliigeuza riwaya ikawa ngano ya kusimuliwa, na kwa hiyo ikawa mkutano.

Mwishoni mwa 1981 kikundi kilijikusanya tena. Safari hii kilikuja na Maitu Njugira, mchezo wa nyimbo kuhusu kipande, kitambulisho cha enzi za ukoloni, na kazi za shuruti za miaka ya 1920 na 1930, ukiwa na nyimbo za lugha kadhaa za Kenya. Ulipangwa kufunguliwa Kenya National Theatre tarehe 19 Februari 1982. Leseni haikutoka, na siku yenyewe milango ilikuwa imefungwa. Mazoezi yakahamia kwenye ukumbi wa chuo kikuu, na mazoezi, kama desturi ya Kamiriithu, yalikuwa wazi kwa wote. Kwa takriban siku kumi maelfu ya watu walijaa kuona kitu ambacho kisheria hakikuwa onyesho. Kisha napo pakafungwa. Machi 12 malori matatu ya polisi wenye silaha yaliingia Kamiriithu, na jukwaa la viti 2,000 likabomolewa hadi chini.

Angalia kilichobomolewa na kilichoachwa. Ngaahika Ndeenda ilikuwa imechapishwa tangu 1980, na mtu aliweza kuinunua dukani. Kilichofuatwa kwa malori ni mbao.

Hata hivyo sitaki kuifanya Kamiriithu iwe pepo. Hakuna kibarua aliyerudishiwa shamba kwa sababu ya tamthilia. Uamuzi wa kuandika kwa Kigikuyu ulikuwa sahihi kwa Limuru, lakini katika nchi ambayo makabila mengine yalikuwa yanalalamika kwamba Wagikuyu wameshika kila kitu, uliwaacha nje Mluo wa Kisumu na Mmijikenda wa Kilifi ambao umaskini wao ulikuwa uleule. Maitu Njugira ilikuwa inaanza kulirekebisha hilo ilipozimwa. Na kubwa zaidi: wasomi watatu walipolazimika kuondoka nchini, kituo hakikusimama tena. Ngugi wa Thiong'o alikuwa London katikati ya 1982, na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 hakurudi kwa zaidi ya miaka ishirini. Mtu anaweza kusema kuwa kijiji kilikuwa bado kinawategemea mno. Nami nasema pia kwamba kijiji kilichokwisha kuona malori matatu ya polisi hakihitaji kuulizwa kwa nini hakikujenga tena.

Lakini ufundi haukufa. Ngugi wa Mirii na Kimani Gecau walikimbilia Zimbabwe, iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na huko wakafundisha maigizo ya jamii kwa njia waliyoijaribia Limuru: watu wanakaa, wanataja tatizo lao, wanalitungia mchezo, wanaucheza wenyewe. Ngugi wa Mirii aliifanya kazi hiyo mpaka alipofariki katika ajali ya gari mwaka 2008, na Wazimbabwe wengi waliopitia mikononi mwake huenda hawajui Kamiriithu iko wapi.

Mei 2022 Ngaahika Ndeenda ilirudi Nairobi, kwa Kigikuyu na kwa Kiingereza, katika jukwaa la Kenya National Theatre, jengo lilelile ambalo milango yake ilifungwa Februari 1982. Safari hii hapakuwa na polisi. Ngugi alikuwa hai bado, akiishi Marekani, ambako alifariki miaka mitatu baadaye. Magazeti yalilisifu onyesho hilo, na sina sababu ya kulibeza. Ila nilipoisoma habari yake, nilichotafuta kwanza ni mahali mazoezi yalipofanyikia, na kama mpita njia aliruhusiwa kuingia kutoa kasoro.