Chapa ya Piano na Fundi wa Nyatiti Asiyetajwa

Kampuni ya opera inapotangaza kwamba imechagua piano za Steinway, inatoa ushahidi ambao msikilizaji ukumbini hana njia ya kuupima. Usiku wa onyesho, kwa kawaida, anayesikika ni okestra. Kazi kubwa ya piano ilikwisha fanyika vyumbani mwa mazoezi, ambako mpigaji mmoja hushika nafasi ya okestra nzima waimbaji wakijifunza sehemu zao. Huko ubora una maana halisi: ala yenye nyuzi zaidi ya 200, zilizokazwa kwa nguvu inayokaribia tani 20, lazima ihimili kugongwa kutwa bila kupotoka sauti. Lakini anayenunua piano ya sebuleni hana haja na uhimilivu wa kiasi hicho. Ananunua sikio la jumba la opera. Steinway, iliyoanzishwa New York mwaka 1853, inalielewa hilo vyema, ndiyo maana hutunza orodha ya wapigaji mashuhuri waliochagua piano zake.

Hadhi ya chapa, basi, ni mkopo: taasisi inayoaminiwa humwazima mtengenezaji jina lake. Sioni ubaya wowote katika mkopo huo. Linalonihangaisha ni nani huazimwa na nani husahauliwa.

Tazama Muhoroni, katika ukanda wa miwa mashariki ya Kisumu. Ala yenye heshima kuu kwa Waluo wa huko ni nyatiti, ya nyuzi nane. Mpigaji huketi chini, akigonga ukingo wake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu, huku njuga zikilia mguuni. Ubora wake hausubiri tangazo. Katika desturi ya pakruok, msikilizaji hutoa pesa, husimamisha wimbo na kujisifu mbele ya watu. Mpigaji asiyeridhisha hatuzwi. Hata hivyo sifa yote humwendea mpigaji. Ayub Ogada aliifikisha nyatiti kwa wasikilizaji wa dunia kwa albamu yake *En Mana Kuoyo* ya 1993. Aliyechonga mti na kuwamba ngozi hubaki bila jina, kama mkulima wa miwa ambaye sukari yake huuzwa kwa jina la kiwanda.

Huenda ikapingwa kwamba ala ya jadi haihitaji chapa, kwa kuwa wapo wapigaji wanaojitengenezea. Pingamizi hilo lina uzito kijijini. Linapungua nguvu shule inapohitaji nyatiti kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, au idara ya muziki ya chuo kikuu, kama ile ya Maseno, inapotafuta za kufundishia. Hapo tayari kuna mnunuzi, tena mwenye jina. Taasisi hizo zina uwezo uleule wa jumba la opera, na hazina budi kuutumia: jina la fundi lichongwe kwenye ala, liandikwe katika kijitabu cha onyesho, litajwe jukwaani pamoja na la mpigaji. Mnunuzi wa pili atajua amtafute nani, na fundi atakuwa na msingi wa kudai bei inayolingana na kazi yake.